Ripoti ya Tier II hatua kwa hatua: kuorodhesha kemikali za ghala au yadi yako Marekani kabla ya Machi 1

Kila Januari ikiingia, maswali yanayonifikia ni yale yale. Mwenye yadi ya malori anauliza, "Mimi nabeba mizigo tu, kemikali zimetoka wapi?" Kijana aliyepandishwa cheo juzi kuwa msimamizi wa ghala anauliza, "Bosi kanipa hii fomu, nianzie wapi?" Mwingine ameshaijaza, amebaki na swali moja: "Nikiituma kwa jimbo si basi?" Majibu yapo, ila yametawanyika kwenye kurasa za Kiingereza cha kisheria kinachomchosha hata aliyezaliwa nacho. Kwa hiyo nayaweka hapa pamoja, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe hufanyika.

Huu ni mwongozo wa Marekani. Kama ulizoea utaratibu wa Tanzania, ambako anayeshughulika na kemikali husajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, hapa mambo yako kinyume kidogo. Hakuna atakayekuja kukusajili. Sheria inakutaka uhesabu mwenyewe, ugundue mwenyewe kwamba umevuka kiwango, na ujitokeze mwenyewe. Usipojitokeza, "sikujua" haikuokoi.

Nadharia ni hii tu. Sheria inaitwa EPCRA, yaani sheria ya mipango ya dharura na haki ya jamii kujua, ya mwaka 1986. Ilitokana na msiba wa Bhopal, India, Desemba 1984, pale gesi ya sumu ilipovuja kiwandani usiku na kuua maelfu ya watu waliokuwa wamelala majumbani mwao. Mwaka uliofuata kiwanda cha kampuni hiyo hiyo kilivujisha kemikali huko Institute, West Virginia, na Wamarekani wakatambua kuwa hata kwao majirani na zimamoto hawajui kilichomo nyuma ya ukuta. Kifungu cha 312 cha sheria hiyo ndicho kinachodai ripoti ya kila mwaka, na fomu yake ndiyo inayoitwa Tier II.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Msomaji wa kweli wa ripoti hii ni mzimamoto atakayesimama getini kwako saa nane za usiku moshi ukiwa umeshatanda. Popote utakapokwama usijue ujaze nini, jiulize yeye angetaka kujua nini. Mara nyingi jibu linakuja lenyewe.

Andaa hivi kwanza

- Ramani au mchoro wa eneo lako lote: majengo, matangi, chumba cha kuchajia fokolifti, mageti, na mahali zilipo swichi kuu za umeme na vali za gesi.
- Karatasi za usalama za kila kemikali, zile zinazoitwa SDS. Kila muuzaji anatakiwa kukupa.
- Ankara za manunuzi na risiti za kujazia matangi za mwaka mzima uliopita, Januari 1 hadi Desemba 31.
- Latitudo na longitudo ya eneo. Simu yako inatosha kuzipata.
- Namba ya NAICS ya aina ya biashara yako. Ghala la kawaida ni 493110, ghala la baridi ni 493120, malori ya masafa marefu ya mzigo kamili ni 484121.
- Majina na simu za watu wawili wanaoweza kupigiwa saa 24.
- Ripoti ya mwaka jana, kama ipo. Usiinakili kichwa kichwa. Itumie kulinganisha tu.
- Kikokotoo na siku mbili za utulivu. Anayeanza Februari 27 hubahatisha, na makadirio ya kubahatisha ndiyo yanayomponza mtu mwaka unaofuata.

Hatua ya 1: Zunguka kwa miguu

Usianzie kwenye kompyuta. Chukua daftari, pita kila kona, andika kila chombo unachokiona chenye kemikali: jina lililo kwenye lebo, ukubwa wa chombo, idadi, na mahali hasa kilipo. Ingia chumba cha boila. Fungua kontena lililoko nyuma ambalo kila mtu anadhani lina matairi mabovu. Tazama juu ya paa kwa mitambo ya baridi. Uliza fundi wa zamu ya usiku, maana yeye ndiye anayejua lile pipa la bluu lilihamishiwa wapi.

Kosa la kawaida hapa ni kuorodhesha vile tu ambavyo kampuni inavimiliki. Sheria haiangalii mali ni ya nani. Kama wewe ndiye unayeendesha ghala na mteja ameweka kwako mapipa 60 ya kutengenezea rangi, mapipa hayo yanahesabiwa kwako.

Kosa la pili ni kuchanganya maeneo. Yadi mbili zilizo mitaa tofauti ni vituo viwili na ripoti mbili. Majengo matatu yaliyo kwenye kiwanja kimoja cha mmiliki mmoja ni kituo kimoja, na kila kilichomo kinajumlishwa.

Hatua ya 2: Soma SDS, lakini si yote

SDS ina sehemu 16. Kwa kazi hii unahitaji nne. Sehemu ya 1 ina jina. Sehemu ya 2 inaeleza hatari zake: inawaka, inababua ngozi, ni gesi iliyoshindiliwa, na kadhalika. Sehemu ya 3 ina viambato na namba ya CAS, ile namba ya pekee ya kila kemikali. Sehemu ya 9 ina uzito wake ukilinganishwa na maji.

Tafuta kwanza namba ya CAS, halafu iangalie kwenye orodha ya kemikali za hatari ya kupindukia inayotolewa na EPA, shirika la serikali kuu la kulinda mazingira. Kifupi chake ni EHS na utakutana nacho kila ukurasa. Usitegemee jina la kibiashara. Dawa ileile ya kusafishia huuzwa kwa majina kumi. Namba ya CAS haibadiliki.

Hatua ya 3: Geuza kila kitu kuwa paundi

Fomu inataka uzito. Mafuta tunayapima kwa galoni, kwa hiyo lazima ugeuze. Kanuni ni moja: galoni, mara uzito linganishi ulio kwenye sehemu ya 9, mara 8.34. Hiyo 8.34 ni paundi za galoni moja ya maji.

Dizeli ina uzito linganishi wa karibu 0.85, kwa hiyo galoni moja ni kama paundi 7.1. Tangi la galoni 2,000 likijazwa pomoni linabeba paundi 14,200 hivi. Petroli ni nyepesi kidogo, kama paundi 6.2 kwa galoni. Propani ni kama 4.2.

Unachotafuta ni kiasi kikubwa kabisa kilichowahi kuwepo kwa wakati mmoja katika mwaka ule. Kile kilichopo leo unapohesabu hakitoshi, wala wastani hautoshi. Kama Julai 14 ulipokea shehena kubwa na kufikia Julai 16 ilikuwa imeshatoka, siku hizo ndizo zinazoamua kama unaripoti. Ndiyo maana nimesema uandae risiti.

Hatua ya 4: Linganisha na viwango

Viwango vya serikali kuu ni hivi:

- Kemikali yoyote ya hatari inayotakiwa kuwa na SDS chini ya kanuni za OSHA, idara ya serikali kuu ya usalama kazini: paundi 10,000.
- Kemikali ya EHS: paundi 500, au kiwango chake maalumu kilichoandikwa kwenye orodha, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.
- Kituo cha rejareja cha kuuzia mafuta umma, chenye matangi yote chini ya ardhi na yanayofuata kanuni za matangi hayo: galoni 75,000 za petroli na galoni 100,000 za dizeli.

Kiwango hicho cha mwisho kimewapoteza wengi. Mwenye yadi anasoma "galoni 100,000 za dizeli", anafunga ukurasa, anaendelea na shughuli zake. Hapana. Hicho ni cha kituo cha mafuta kinachouzia umma. Yadi inayojaza malori yake yenyewe iko chini ya paundi 10,000, ambazo kwa dizeli ni kama galoni 1,400 tu. Na matangi hujumlishwa: mawili ya galoni 1,000 kila moja, hata yakiwa pembe mbili tofauti za yadi, ni paundi 14,200 na unaripoti.

Kwa EHS mifano inayokutana na watu wetu ni hii. Amonia ya mitambo ya baridi ina kiwango cha paundi 500, na ghala la nyama au samaki lenye mtambo wa amonia karibu kila mara liko juu ya hapo. Klorini kiwango chake maalumu ni paundi 100, kwa hiyo mtungi mmoja wa paundi 150 ukiwa mzima unakuvusha. Asidi ya salfuriki kiwango chake maalumu ni 1,000, lakini kwa kuwa 500 ni ndogo zaidi, unatumia 500.

Majimbo yanaruhusiwa kukaza zaidi. California kwa mfano inaanza kwenye galoni 55 za kimiminika, paundi 500 za kigumu, au futi za ujazo 200 za gesi, na inatumia mfumo wake wa CERS. Kabla hujajiambia "sihusiki", soma ukurasa wa jimbo lako.

Hatua ya 5: Hesabu betri

Nimeipa hatua hii nafasi yake kwa sababu hapa ndipo maghala mengi yanapoanguka, na yanaanguka bila kujua. Betri za fokolifti za umeme ni za risasi na asidi. Asidi hiyo ni asidi ya salfuriki, na asidi ya salfuriki ni EHS. Hakuna aliyeileta kwenye pipa, hakuna anayeigusa, haimo kwenye orodha ya manunuzi ya kemikali, lakini imo ndani ya jengo, na moto ukitokea hauikwepi.

Tufanye hesabu. Tuseme betri moja ina uzito wa paundi 2,500, na SDS yake inasema asidi ya salfuriki ni asilimia 18 ya uzito. 2,500 mara 0.18 ni 450. Betri moja iko chini ya 500. Betri mbili ni paundi 900, umeshavuka. Ghala lenye fokolifti sita na betri ya akiba kwa kila moja lina betri 12, yaani paundi 5,400 za asidi. Ongeza betri za mashine za kusafishia sakafu, za vifaa vya kulinda umeme wa kompyuta, na za malori yaliyoegeshwa kwa matengenezo kama zimekaa rafuni.

Soma SDS kwa makini, kwa sababu zinaandikwa kwa njia mbili. Nyingine zinataja asidi yenyewe, kama mfano wa juu. Nyingine zinataja maji ya betri kwa ujumla, halafu mahali pengine zinasema maji hayo yana asidi kiasi gani. Hapo unazidisha mara mbili: maji ya betri asilimia 40 ya uzito, na asidi asilimia 37 ya maji hayo, ni 2,500 × 0.40 × 0.37, yaani paundi 370 kwa betri. Ukichukua ile asilimia 40 ukaiita asidi utaripoti paundi 1,000 kwa betri na kumtisha mzimamoto bure. Ukichukua 37 ya betri nzima utakosea pia.

Risasi nayo ihesabu, lakini yenyewe haimo kwenye EHS, kwa hiyo kiwango chake ni paundi 10,000. Betri 12 zenye risasi asilimia 60 ni paundi 18,000. Inaingia kwenye ripoti.

Kanuni ya michanganyiko inatokana na hapo hapo. EHS iliyomo ndani ya bidhaa mbalimbali hujumlishwa kituo kizima, ikiwa ni zaidi ya asilimia 1 ya mchanganyiko, au zaidi ya asilimia 0.1 kama inasababisha saratani. Asidi ya betri, asidi ya kusafishia mabomba, na asidi iliyoko kwenye chumba cha kutibu maji ni hesabu moja.

Hatua ya 6: Ondoa vilivyosamehewa, kwa uangalifu

Sheria imesamehe chakula, dawa na vipodozi vinavyosimamiwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa. Vitu vigumu vilivyomo kwenye bidhaa iliyotengenezwa, mradi kwa matumizi ya kawaida hakuna anayefikiwa na kemikali yake. Bidhaa zilizofungashwa kwa namna na nguvu ile ile inayouzwa kwa watu wa majumbani. Kemikali za maabara za utafiti na hospitali zinazosimamiwa na mtaalamu. Na zinazotumika kwenye shughuli za kawaida za kilimo, pamoja na mbolea anayoiuza mwenye duka la rejareja kwa mtumiaji wa mwisho.

Mzigo ulioko safarini nao umesamehewa, na ule uliotua kwa muda ukiwa bado chini ya hati halali za usafirishaji. Trela lililolala yadini usiku mmoja likielekea kwa mteja halihesabiwi. Likishafika kwa mpokeaji wa mwisho na hati zikafungwa, msamaha umekwisha, hata kama mzigo bado umo ndani ya trela. Nimeona watu wanatumia trela kama stoo ya miezi mitatu wakiita "usafirishaji". Mkaguzi ataomba hati, na hati ina tarehe.

Hatua ya 7: Fungua mfumo wa jimbo lako

EPA na NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa, wanatoa bure programu iitwayo Tier2 Submit, na hutoka toleo jipya kila mwaka. Majimbo mengi yanaipokea. Mengine yana tovuti zao: Texas hutumia STEERS ya tume yao ya mazingira, TCEQ. Mengine hutumia mfumo wa mtandaoni uitwao E-Plan. Nenda ukurasa wa jimbo lako kwanza, ndipo upakue chochote. Ukijaza ripoti nzima kwenye programu ambayo jimbo lako haliipokei umepoteza siku.

Fungua akaunti Januari. Baadhi ya mifumo inathibitisha utambulisho wa anayesaini kabla ya kumpa ruhusa, na uthibitisho huo unaweza kuchukua siku kadhaa. Angalia pia kama jimbo linatoza ada.

Hatua ya 8: Jaza taarifa za kituo

Anwani iwe ya mahali kemikali zilipo. Sanduku la posta na ofisi ya mhasibu havina kazi hapa. Latitudo na longitudo zielekeze getini au kwenye jengo. Zihakikishe kwenye ramani, maana ukisahau alama ya kutoa kwenye longitudo utajikuta China.

Idadi ya watu wanaoweza kuwemo kwa wakati mmoja, andika ya zamu yenye watu wengi, na usiwasahau vibarua wa wakala. Mzimamoto akiingia anatafuta watu, na namba hiyo ndiyo anayoanza nayo.

Sasa mawasiliano ya dharura. Hapa naomba uwe mkali. Andika mtu anayepokea simu usiku, anayejua kilichomo ndani, na anayeweza kukieleza kwa Kiingereza akiwa amechanganyikiwa. Mwenye kampuni akiwa yuko Nairobi miezi minne kwa mwaka, jina lake lisiwe la kwanza. Kama fundi wako mkuu anaijua mitambo kuliko wote lakini Kiingereza kinamsumbua, weka namba yake iwe ya pili, na kando yake mtu wa kumfasiria. Kisha zipige namba zote mbili wewe mwenyewe kabla ya kutuma.

Kuna maswali mawili ya ndiyo au hapana yanayowachanganya watu. La kwanza linauliza kama unahusika na kifungu cha 302, yaani una EHS inayofikia kiwango chake maalumu cha mipango ya dharura. Mwenye amonia ya paundi 500 au zaidi anajibu ndiyo. Mwenye paundi 900 za asidi ya betri anajibu hapana, kwa sababu kiwango maalumu cha asidi hiyo ni 1,000, ingawa Tier II bado anajaza. La pili linahusu mpango wa kudhibiti ajali chini ya sheria ya hewa safi. Kwa amonia huo unaanza paundi 10,000.

Hatua ya 9: Jaza kila kemikali

Kwa kila moja utaandika jina, namba ya CAS, kama ni tupu au mchanganyiko, kama ni kigumu, kimiminika au gesi, na aina za hatari kama zilivyo kwenye sehemu ya 2 ya SDS. Usibuni hatari na usipunguze. Nakili kilichoandikwa na muuzaji wako.

Kisha kiasi kikubwa cha siku moja, wastani wa siku, na idadi ya siku ilizokuwepo. Wastani unapatikana kwa kujumlisha kiasi cha kila siku na kugawa kwa siku ambazo kemikali ilikuwepo kituoni, si lazima kwa 365. Fomu inakubali vipimo kwa mafungu (kutoka kiasi hiki hadi kile) yenye misimbo yake, au namba kamili. Jimbo likikuruhusu, weka namba kamili.

Mwisho ni mahali ilipohifadhiwa. Hapa watu huandika "ghala" na kuendelea mbele. Ghala la futi za mraba 200,000! Andika hivi: "Chumba cha kuchajia betri, kona ya kaskazini-mashariki, mlango wa 14, karibu na swichi kuu ya umeme." Taja aina ya chombo, shinikizo na halijoto. Ukiambatisha mchoro wa eneo umefanya kazi nzuri kuliko wengi.

Hatua ya 10: Saini, na uhakikishe watatu wote wamepata

Sheria inataka ripoti iwe imefika sehemu tatu kufikia Machi 1: tume ya dharura ya jimbo, inayoitwa SERC, kamati ya mipango ya dharura ya eneo lako, LEPC, na kikosi cha zimamoto kinachohudumia anwani yako. Ukiwa kwenye ardhi ya makabila ya wenyeji, tume yao inachukua nafasi ya ile ya jimbo.

Katika baadhi ya majimbo, ukituma kwenye mfumo mmoja unawafikia wote watatu. Katika mengine, jimbo linapokea lake na hao wawili unawapelekea mwenyewe. Hilo ndilo jibu la "nikituma kwa jimbo si basi?": inategemea jimbo, na ni jukumu lako kuuliza. Hifadhi uthibitisho wa kila aliyepokea.

Hata mfumo ukikufikishia, nenda zimamoto kwa miguu. Mnamo Aprili 17, 2013, ghala la mbolea lililipuka mjini West, Texas. Walikufa watu 15, na 12 kati yao ni waliokwenda kusaidia kuzima moto na kuokoa. Nitrati ya amonia iliyolipuka ilikuwa imeandikwa kwenye ripoti ya Tier II ya mwaka 2012. Karatasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni maandalizi na mafunzo kwa wale waliolazimika kuukabili moto ule. Kwa hiyo wapigie, waalike, wazungushe. Vikosi vingi, hasa vya kujitolea kwenye kaunti ndogo, hufurahi kualikwa, na saa moja ya kutembea nao inawafundisha kuliko kurasa 20.

Hatua ya 11: Weka kalenda ya mwaka

Tier II ni ya mara moja kwa mwaka, lakini kemikali mpya haisubiri. Ikivuka kiwango katikati ya mwaka, una miezi mitatu kupeleka SDS yake au kuiongeza kwenye orodha kwa wale wale watatu. Kama ni EHS iliyofikia kiwango chake maalumu, una siku 60 kuwaarifu SERC na LEPC. Na usiichanganye na ripoti nyingine ya Julai 1 inayohusu kemikali zenye sumu zinazotolewa kwenye mazingira. Hiyo ni ya kifungu cha 313.

Kumbuka pia kwamba Tier II haihusiki na ajali. Kemikali ikimwagika au kuvuja kufikia kiwango chake cha uvujaji, ambacho ni tofauti na vile vya Hatua ya 4, unapiga simu papo hapo: 911, SERC, LEPC, na kituo cha taifa cha kupokea taarifa hizo. Kwa amonia kiwango hicho ni paundi 100, kwa klorini paundi 10.

Mambo yakikwama

*Nimepitwa na Machi 1.* Tuma leo. Usisubiri mwaka ujao ukitumaini hakuna aliyeona. Faini ya serikali kuu inaweza kuzidi dola 60,000 kwa kosa, na kila siku inayopita inaweza kuhesabiwa kosa jipya. EPA ina utaratibu wa kujitangaza mwenyewe unaoweza kupunguza au kuondoa sehemu kubwa ya faini, lakini unatakiwa ujitangaze ndani ya siku 21 tangu ugundue. Kama ulikosa miaka mitatu, tafuta mwanasheria wa mazingira kabla ya kuandika chochote.

*Mfumo unakataa ripoti yangu.* Soma ujumbe wa kosa mmoja mmoja. Mara nyingi ni longitudo isiyo na alama ya kutoa, simu ya dharura isiyo ya saa 24, CAS isiyolingana na jina, au wastani uliozidi kiwango cha juu.

*Muuzaji hanipi SDS.* Ombi la maandishi, halafu angalia tovuti ya mtengenezaji. Akikataa kabisa, OSHA ndio wa kuambiwa.

*SDS inasema viambato ni siri ya biashara.* Ripoti kwa jina la bidhaa kama mchanganyiko, na umwulize mtengenezaji kwa maandishi kama kuna EHS ndani yake.

*LEPC ya kaunti yangu haijibu.* Nyingine zimelala kweli. Tuma kwa anwani iliyopo, hifadhi ushahidi, na uiandikie SERC uwaulize nani anapokea kwa niaba yao.

*Mwenye jengo anasema ni kazi ya mpangaji, mpangaji anasema ni ya mwenye jengo.* Sheria inamtaja mmiliki au mwendeshaji. Mnaweza kukubaliana nani atume, lakini isipotumwa nyote mna kesi. Andikeni makubaliano kwenye mkataba wa pango.

*Nimegundua kosa baada ya kutuma.* Fungua ripoti, rekebisha, itume upya kwa wote watatu na ueleze ulichobadilisha. Ukimrekebishia jimbo peke yake, zimamoto wamebaki na karatasi ya zamani.

*Mwaka huu niko chini ya kiwango.* Hudaiwi ripoti ya mwaka huo. Iandikie SERC na LEPC barua fupi kwamba kemikali imeondolewa au imepungua, na uweke hesabu zako kwenye faili, kwa sababu mfumo utakukumbusha na huenda mtu akakuuliza.